Ushahidi wa Jina la Ukoo

Jina la Kiyoruba kwa kawaida ni sentensi iliyofupishwa, na mwanzo wake mara nyingi hutambulisha nyumba: Ade, yaani taji, kwa ukoo wa kifalme, Ayan kwa wapiga ngoma, Ogun kwa wahunzi na wawindaji, Fa kwa wafuasi wa Ifa, uganga wa ramli.

Msomaji wa D. O. Fagunwa, aliyetoa riwaya ya Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale mwaka 1938, yafaa aanze na jina la mtungaji. Wazazi wake walishika Ukristo, lakini yeye aliitwa Orowole, maana yake Oro, mzimu wa kale, ameingia nyumbani. Baadaye alijiita Olorunfemi, yaani Mungu ananipenda. Herufi O ikabaki ile ile, imani ikawa nyingine. Jina la ukoo hakuligusa. Ifa aliendelea kukaa mlangoni mwake.

Mhakiki amlaumuye kwa kuchanganya mahubiri ya Kikristo na mizimu ya msituni huona kasoro mahali palipo na urithi. Mwindaji wa riwaya ile humtaja Mungu mmoja, lakini hupita katikati ya mizimu elfu, wala hadithi haioni haya. Mtu aweza kujichagulia jina la imani yake. Jina la ukoo amechaguliwa na waliomtangulia. Fagunwa alitunga kwa majina yote mawili, na anayefuta moja hupunguza nusu ya kitabu.