Puleki Zenye Mishono Miwili

Mzee yule alikuwa ameketi kwenye ngazi, hatua chache kutoka jumba la sinema la Museum Lichtspiele mjini Munich, koseti nyeusi mapajani, uzi umening'inia mdomoni. Puleki tatu zilikuwa zimebanduka ubavuni. Alitunga sindano mara moja tu, bila miwani, akaanzia upande wa ndani ili fundo lisionekane, na kila puleki akaikaza kwa mishono miwili. Nikamuuliza ya nini kujisumbua, ukumbini si giza?

“Mchele ukirushwa,” akasema, “zenye mshono mmoja hung'oka.”

Mchele hurushwa kwenye ile harusi ya mwanzo wa filamu The Rocky Horror Picture Show, ambayo jumba hilo limekuwa likiionyesha tangu 1977. (Bibi yangu angeuliza nani ataupepeta.) Watazamaji huijibu sinema kwa sauti, humzomea huyu, humtania yule; aliyewahi kuona kina mama wakiinuka kumtunza mwimbaji wa taarabu, huku jicho liko kwa hasimu wao, hatashangaa.

Mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii ulianzia London mwaka 1973, katika chumba cha juu cha ukumbi wa Royal Court chenye viti 63. Filamu ilipotoka 1975 ilidoda. Iliyoiokoa ni saa sita ya usiku: kuanzia Aprili 1976, katika sinema ya Waverly, New York, wakaanza kurudi wiki baada ya wiki wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake, na wale waliochoka kuulizwa wao ni kipi. Mchana walikuwa makarani na wanafunzi. Usiku walivaa.

Nami nadhani siri ya filamu hii imo katika kuvaa huko. Koseti aliyovaa mwigizaji Tim Curry jukwaani haikushonwa kwa ajili ya mhusika wake, Frank-N-Furter. Mbunifu wa mavazi, Sue Blane, aliiazima kutoka Citizens Theatre ya Glasgow, ambako Curry alikuwa ameivaa katika tamthilia ya Jean Genet, The Maids. Vazi la kike, la kuazima, juu ya kifua cha mwanamume ambaye haombi radhi! Kijana aliyekuwa akiijaribu sketi ya dada yake mlango ukiwa na komeo alielewa papo hapo kwamba kinachotakiwa ni sindano na ujasiri, basi.

Mzee aliniambia kwamba ujanani mwake, kabla ya kanda za video, hapakuwa na namna ya kuisimamisha picha. Ukitaka kujua kamba za koseti zinapita matundu mangapi, ulikata tiketi nyingine, ukahesabu. Yeye alikata nne. Akikosea, mashabiki wenzake walimwambia mlangoni, kisha mmoja wao akakaa naye wakafumua pamoja.

Usiku ule ukumbini vijana wengi walivaa koseti zilizoagizwa kwa simu, puleki zimegandishwa kwa gundi, mikunjo ya bahasha bado inaonekana kiunoni. Sikuona aliyefumua chochote na mwenziwe. Harusi ilipofika, nusu yao walinyanyua simu wapige picha, na mkono wenye simu haurushi mchele.

Taa zilipowashwa sakafu iling'ara. Mzee aliinama, akaokota puleki kati ya punje za mchele, akaigeuza nyuma. Ilikuwa na gundi. Akaiweka mfukoni hata hivyo.