Jicho Lilivyopimwa Ili Akili Ijulikane

Retina, yaani ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea nuru, huchipuka kutoka ubongoni wakati mimba ingali changa, na nyuzi zake za fahamu, zipatazo milioni moja, hukusanyika zikawa mshipa mmoja urudio huko huko ulikotoka. Basi si ajabu kwamba mwaka 1986 Hinton na wenzake, walipochunguza mishipa ya macho ya watu waliofariki na maradhi ya Alzheimer, waliona kwa wengi wao nyuzi hizo zimeharibika. Lakini maiti hapimwi mara mbili, na swali la kama wembamba wa tabaka la nyuzi hizo hutangulia usahaulifu lilihitaji macho ya walio hai.

Ala ya kazi hiyo ilidhihirika mwaka 1991 katika chuo cha MIT, Marekani, nayo hufanya kwa nuru kama afanyavyo nahodha apimaye kina cha bahari kwa mwangwi: mwali hutumwa ndani ya jicho, ukarudi kutoka kila tabaka kwa muda wake. Kwa kuwa nuru ina kasi isiyohesabika kwa saa yoyote, mwali urudio hulinganishwa na mwenziwe uliopigwa kwenye kioo cha masafa maalumu, na pale miwili hiyo inapoafikiana ndipo kina kinapojulikana.

Uchunguzi niuonao kuwa wa kuzingatiwa zaidi ulitangazwa mwaka 2018, nao ulitumia taarifa za UK Biobank, hazina ya taarifa za afya ya Uingereza, za watu 32,038 wa umri wa miaka 40 hadi 69. Kabla ya kufikiwa idadi hiyo waliondolewa wenye kisukari, wenye maradhi ya macho na wenye maradhi ya ubongo; na hapo, kwa rai yangu, ndipo ilipo roho ya kazi yote, maadam presha ya macho hulila tabaka lile lile la nyuzi, na asiyeichuja hupima ugonjwa mmoja akadhani kapima mwingine. Kisha akili zikajaribiwa, na jaribio moja lanifurahisha kwa wepesi wake: mtu huambiwa mapema kwamba mwishoni ataamriwa aguse mraba wa buluu, lakini yeye aguse duara la rangi ya chungwa. Waliosahau walikuwa na tabaka jembamba zaidi, na miaka mitatu baadaye, watu 1,251 walipojaribiwa tena, wale waliokuwa katika mafungu mawili membamba zaidi kati ya matano waliyogawanywa kwa unene wa tabaka walikaribia kuwa na uwezekano maradufu wa kushuka katika jaribio moja au zaidi.

Amma unene wenyewe, wastani wake ulikuwa maikromita 53 hivi, na tofauti baina ya aliyekumbuka na aliyesahau ni kama maikromita moja, ilhali mashine hupambanua tano au sita. Tofauti hiyo huonekana kwa wingi wa watu tu. Tabibu aliyeketi na mzee mmoja mbele yake hana la kusema kwa kipimo kimoja, sembuse kumtangazia maradhi. Isitoshe, wanaojitolea katika hazina ile hujulikana kuwa na siha kuliko majirani zao.

Ndiyo maana kipimo nikingojacho ni cha jicho lile lile, kwa mashine ile ile, kirudiwe mwaka baada ya mwaka, hata mzee awe hapimwi kwa wastani wa wageni bali kwa unene aliokuwa nao yeye mwenyewe alipokuwa na miaka hamsini.