Soketi, Plagi na Tundu la Tatu

Mtu akiingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Korogwe au Handeni akaomba plagi, si ajabu muuzaji kumwuliza: “Ya ukutani au ya kwenye waya?” Swali hilo fupi ni hukumu juu ya kazi yetu sisi tunaoshughulika na istilahi. Maneno mawili tunayo: soketi, yenye matundu, na plagi, yenye miguu, lakini katika mazungumzo jina moja limekwisha kuvimeza vitu vyote viwili. Wala hatuwezi kusingizia ugeni wa umeme, maana kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kimekuwa kikizalisha umeme kwa maji ya Mto Pangani tangu 1964.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni dogo: muuzaji ameuliza, mteja amepata. Dukani, sawa. Karatasi ya maelezo haiulizi. Iandikwapo “zima plagi kabla ya kufungua amplifaya”, je, msomaji achomoe waya, au abonyeze swichi ya ukutani tu? Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, na swichi iliyofungwa vibaya yaweza kukata waya usio na umeme na kuuacha ule ulio nao ukisubiri mkono. Kwa maoni yetu, mfasiri angeandika “chomoa plagi”. Hapo kitenzi chenyewe kinalinda istilahi, kwani soketi huzimwa na plagi huchomolewa.

Lenye uzito zaidi ni tundu la tatu. Soketi zetu zimefuata mtindo wa Uingereza, wa matundu matatu, lakini redio nyingi huja na plagi za miguu miwili. Basi mwenye nyumba hutwaa kijiti au kifuniko cha kalamu, akakisukuma katika tundu la juu ili vizuizi vya ndani vifunguke na miguu miwili ipenye. Redio ndogo yenye kasha la plastiki huenda isidhurike kwa kukosa tundu hilo, maana nyingi zimeundwa zisilihitaji. Ila miguu isiyokaza hupata moto, na mazoea hayo huhamia kwenye amplifaya ya kasha la chuma, ambayo inalihitaji kweli.

Nasi tumemfundisha nini mtu huyo? Tumempa neno “ethi”, ambalo halimwambii lolote. Soketi na plagi ni majina ya vitu vinavyoonekana, na mkopo unatosha. Ethi ni kazi isiyoonekana, ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja, na kwa hiyo yafaa jina lijieleze: waya wa ardhini, tundu la ardhini.

Kipaza sauti nacho kina ugonjwa uleule, kwa kuwa huitwa hivyo kile anachosemea mtu na kile kinachotoa sauti. Mafundi wamekwisha kujiamulia: maiki na spika. Sisi bado tunajadiliana.