Terabaiti 1 inayosomeka gigabaiti 237

Laptop ilikuja na SSD ya gigabaiti 256, ikajaa. Ikanunuliwa ya terabaiti 1, programu ya kukloni ikafanya kazi yake, diski mpya ikafungwa ndani na Windows ikawaka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Na kweli hakikubadilika: C bado inasoma gigabaiti 237 na ushei, na ule mstari mwekundu wa kuonya kuwa nafasi inaisha uko palepale. Hapo ndipo muuzaji huanza kutukanwa bure.

Tuanze na hesabu. Kiwandani gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1. Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, halafu inaandika herufi zilezile, GB. Kwa hiyo terabaiti 1 kamili husomeka 931, na diski ya 256 ilikuwa ikisomeka 238 tangu ilipotoka dukani. Pengo kati ya 931 na 1,000 usilitafute, halipo. Kinachotafutwa ni zile gigabaiti 693 kati ya 238 na 931, na hizo zipo zimelala.

Zimelala kwa sababu kukloni kunanakili kila kitu, likiwemo jedwali la patisheni, ambalo kwa laptop za sasa ni la aina ya GPT. Jedwali hilo ndilo linalosema C inaanzia sekta ipi na kuishia ipi. Ni kama kuhamia kiwanja kikubwa ukiwa na hati ya kile kidogo: ardhi ni pana, lakini hati inaishia kwenye bikoni za zamani. GPT pia huweka nakala yake ya pili kwenye sekta za mwisho kabisa. Diski ya 256 kwa kawaida ina sekta 500,118,192 za baiti 512, na ya terabaiti 1 ina 1,953,525,168. Kilichokuwa mwisho wa diski ya kwanza kinaangukia robo ya njia kwenye ya pili. Programu nzuri za kukloni hulirekebisha hilo zenyewe. Aliyetumia dd ya Linux atalazimika kuihamisha nakala hiyo kwa amri ya sgdisk -e kabla ya lolote jingine.

Sasa andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia. Diski itachorwa kama mstari: kushoto patisheni ndogo ya EFI, kisha C, kisha kijipatisheni cha uokoaji cha megabaiti mia kadhaa, na mwisho bonge la nafasi lenye utepe mweusi, halijagawiwa. Ukibonyeza C kwa kitufe cha kulia, chaguo la kupanua lina rangi ya kijivu, haligusiki. Windows hupanua patisheni kuelekea kulia tu, kwenye nafasi inayopakana nayo, na hapo katikati amekaa huyo wa uokoaji. Laptop zilizowekewa Windows 10 kabla ya toleo la 2004 mara nyingi hazina shida hii, maana patisheni hiyo iliwekwa mwanzoni mwa diski.

Njia ninayoipendelea ni kuifuta na kuijenga upya mwishoni. Kwanza chomoa diski ya zamani kama bado iko kwenye USB. Diski mbili zenye patisheni zinazofanana ni mtego, na amri zinazofuata haziulizi mara mbili. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika reagentc /info, uone mazingira ya uokoaji yako patisheni ipi. Usiruke hatua hii: laptop nyingi zina patisheni zaidi ya moja za aina hiyo, na mojawapo huenda imebeba Windows ya kiwandani. Kisha reagentc /disable. Amri hii hurudisha faili la winre.wim kwenye C:\Windows\System32\Recovery. Limefichwa, litazame kwa dir /a. Kama halipo, simama hapohapo. Ukiendelea utafuta nakala pekee.

Likiwepo, ingia diskpart, chagua diski, chagua patisheni hiyo, delete partition override. Sasa C inapakana na uwazi na chaguo la kupanua linagusika. Kazi yenyewe ni ya sekunde, kwani NTFS haihamishi data yoyote, inarefusha tu ramani yake ya nafasi zilizo wazi.

Usimeze nafasi yote. Bakiza megabaiti 1,024. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la KB5034441 kwa Windows 10, likagoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu tu patisheni ya uokoaji ilikuwa ndogo mno. Kwenye hicho kipande tengeneza patisheni kwa create partition primary, iformati kwa NTFS, ipe set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac na gpt attributes=0x8000000000000001. Namba ya kwanza inaitambulisha kuwa ya uokoaji, ya pili inazuia isipewe herufi ya diski na kufutwa kwa bahati mbaya. Toka, andika reagentc /enable.

GParted kwenye flashi inaweza kuisogeza patisheni bila kuifuta, na programu za kulipia hufanya hivyohivyo kwa vitufe vya kupendeza. Sioni sababu ya kuzilipia. Ila kama BitLocker imewashwa, na laptop nyingi za Windows 11 huja nayo, isitishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali pengine, si ndani ya laptop hiyohiyo. Kwenye Linux yenye ext4 mambo ni mafupi: growpart, kisha resize2fs.

Laptop kongwe zenye jedwali la MBR zina ukuta mwingine. MBR huhesabu sekta kwa biti 32, hivyo haivuki baiti 2,199,023,255,552. Kwenye diski ya terabaiti 4, karibu nusu haitagawika hata ufute patisheni zote za uokoaji. Kuanzia Windows 10 toleo la 1703 kuna mbr2gpt, inayogeuza jedwali bila kufuta data, mradi patisheni za msingi zisizidi tatu. Ikishamaliza, ingia BIOS ubadilishe uwashaji kuwa UEFI, la sivyo Windows haitawaka.