HandBrake inabana video vizuri, lakini inamfikiria anayebonyeza?

Wadau, leo tuichambue HandBrake, programu ya bure ya kubana video ambayo imekuwepo tangu 2003. Sitauliza kama inapunguza ukubwa wa faili, maana hilo inaliweza, tena vizuri tu. Nauliza hivi: inamfaa mtu anayetengeneza somo ambalo mwanafunzi anabonyeza na kuruka kutoka hatua moja hadi nyingine?

Chukua somo la titresheni. Kamera imetulia, bureti inadondosha tone moja moja, na chini kuna kitufe cha "rangi inabadilika hapa". Mwanafunzi akibonyeza, anataka kuona picha ileile, siyo ya sekunde tano nyuma.

Sasa, video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inaweka picha kamili mara mojamoja, tuiite fremu kuu, halafu zinazofuata zinabeba mabadiliko tu. Ukirukia katikati, simu inabidi ianzie fremu kuu iliyotangulia, ikokotoe zote hadi ulipo. Injini ya x264 iliyomo ndani ya HandBrake, usipoigusa, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde inaruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kuu mbili. Yaani sekunde 10! Filamu haina shida sana, kwa sababu kila onyesho likikatwa injini inaongeza fremu kuu. Somo letu halikatwi, kwa hiyo linagonga kikomo. Ukirukia sekunde ya 9, simu inakokotoa fremu zaidi ya 200 ili ikuonyeshe moja. Simu ya bei ndogo itaganda, au kicheza video kitachukua njia ya mkato na kukurudisha kwenye fremu kuu. Na kwenye titresheni, rangi ndiyo jibu lenyewe.

Dawa ipo: andika keyint=25 kwenye kisanduku cha Advanced Options, upate fremu kuu angalau kila sekunde. Faili litakua, maana fremu kuu ndizo nzito, na mwenye bando dogo ataumia kidogo. Ni biashara ya kupima, siyo ya kukariri.

Lawama yangu ni kwamba uamuzi mkubwa hivi umefichwa kwenye kisanduku ambacho mwalimu wa kawaida hatakigusa. Hata Preview inakuonyesha ubora wa picha, haikuambii video itaitikiaje kidole.

Tuwape haki yao pia. Web Optimized ni kitufe kimoja tu, na kinahamishia faharasa ya faili la MP4 mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Kumbe wanajua kurahisisha jambo gumu! Basi wafanye vivyo hivyo kwa fremu kuu.

Kwa kutazama tu, itumie bila wasiwasi. Kwa somo la kubonyeza, usiamini mipangilio iliyokuja nayo: jaribu kwanza kwenye simu dhaifu kuliko zote darasani.