Eric Woolfson Alivyompandisha Gaudí Jukwaani

Maisha ya msanifu majengo ni mtihani kwa mtunzi wa jukwaani. Mfalme hupinduliwa, mpenzi huachwa, jemadari hushindwa vitani. Msanifu huchora, husimamia mafundi, hufuta, huchora tena. Antoni Gaudí alikabidhiwa ujenzi wa kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona mwaka 1883, akaendelea nao hadi kifo chake mwaka 1926. Miaka 43 yote hiyo, na mnara mmoja tu ndio alioushuhudia umekamilika. Kazi ya namna hiyo utaiimbaje kwa usiku mmoja?

Eric Woolfson, mzaliwa wa Glasgow, aliliendea swali hilo polepole. Kabla ya tamthilia kulikuwa na albamu. Mwaka 1987 kundi la The Alan Parsons Project, ambalo nyimbo zake alizitunga pamoja na Parsons, lilitoa *Gaudi*: nyimbo 7, na ndiyo ikawa albamu yao ya mwisho ya studio. Kundi lenyewe halikuwa la kuzunguka miji na majukwaa. Maisha yake yalikuwa studioni. Parsons alisimamia sauti, Andrew Powell akapanga muziki wa okestra, na waimbaji wakaitwa kulingana na wimbo. Wenye nguvu na mapana alipewa John Miles. "Too Late" alipewa Lenny Zakatek. "Closer to Heaven", unaotaka upole, Woolfson aliuimba mwenyewe. Mtu aliyezoea kujiuliza, albamu baada ya albamu, wimbo huu ni wa koo la nani, huyo tayari anagawa wahusika hata kama hana jukwaa. Naamini tamthilia ilianzia hapo.

Usikilize wimbo wa kwanza, "La Sagrada Familia". Unakaribia dakika 9, urefu ambao redio za wakati ule hazikuupenda. Kibwagizo kinaliita kanisa kwa jina lake, kisha kinaachwa, ala zinachukua nafasi, na kinaporudi kimeongezeka uzito bila kubadilishwa sana. Mtunzi mwenye pupa angekirudia mara nne mfululizo ili kimkae msikilizaji kichwani. Woolfson anakucheleweshea. Unakisubiri, na kule kusubiri ndiko kunakokuonjesha, kwa dakika chache, kazi isiyokwisha.

Nadhani alikuwa amemwelewa vizuri mtu anayemwimba. Kwa ajili ya kanisa la Colònia Güell, nje ya Barcelona, Gaudí alitumia takriban miaka 10 kwenye kielelezo kimoja tu. Alining'iniza kamba kutoka juu, akazifungia vifuko vidogo vyenye punje za risasi, kila kifuko kikiwakilisha uzito ambao sehemu ile ya jengo ingeubeba. Kamba zikajipinda zenyewe. Akazipiga picha, akaigeuza picha juu chini, na matao ya kanisa yakawa mbele ya macho yake. Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuigundua: kamba inayoning'inia huvutwa tu, haisukumwi; umbo lake likipinduliwa, mvuto wote hugeuka kuwa mgandamizo, na jiwe hustahimili mgandamizo kuliko jambo jingine lolote. Akihamisha kifuko kimoja, kamba zote zilijipanga upya, naye alianza kupima tena. Kanisa lenyewe halikumalizika; lilijengwa sehemu ya chini tu. Lakini yale aliyojifunza pale aliyahamishia Sagrada Família.

Woolfson naye alihamisha. Mwaka 1990 tamthilia yake ya kwanza, *Freudiana*, ilifunguliwa Vienna. Kazi hiyo ilikuwa imeanza kama albamu. Akapata fundisho kwamba wimbo wa albamu unaweza kusimama peke yake, ila wimbo wa jukwaani lazima umwache mhusika mahali tofauti na pale ulipomkuta. Ndipo akairudia *Gaudi*, akaongeza nyimbo mpya, na mwaka 1993 ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza eneo la Aachen, Ujerumani. Huo ulikuwa mwaka wa sita tangu albamu itoke.

Ninachokiheshimu zaidi ni alichokataa. Tarehe 7 Juni 1926 Gaudí aligongwa na tramu. Kwa nguo zake chakavu wapita njia walimdhani ombaomba, na siku tatu baadaye akafariki. Mtunzi wa kawaida angeijenga albamu nzima juu ya ajali hiyo. Woolfson alitunga kuhusu fedha, "Money Talks", na kuhusu mtu aliyejifungia ndani akitazama nje, "Inside Looking Out". Mimi nikiusikiliza huo wa pili namwona Gaudí wa miezi ya mwisho, aliyehamia kabisa katika karakana ya kanisa, akilala kando ya michoro yake.

Woolfson alifariki Desemba 2009. Novemba 2010 Papa Benedikto XVI aliliweka wakfu kanisa, ukumbi wake ukiwa umeezekwa. Ukitaka kuifahamu tamthilia hii, anza na albamu ya 1987, isikilize kwa mpangilio wake tangu wimbo wa kwanza, na usiuruke ule wa mwisho, "Paseo de Gracia". Hauna neno hata moja, na umepewa jina la barabara ambako Casa Batlló na Casa Milà za Gaudí zimesimama hadi leo.