Doa Lililotangulia

Noti ya dola 1 yenye utepe mweusi wa wino uliokatiza uso wa George Washington inaweza kuwa na historia mbili. Huenda ni kosa la kiwandani lililowaponyoka wakaguzi, na mkusanyaji atainunua kwa bei iliyozidi thamani yake mara nyingi. Huenda pia ni noti nzima iliyosuguliwa na mtu mezani kwake kwa pamba na kemikali. Anayezitenganisha ni mthamini wa noti, na ni kazi chache ninazozijua zinazodai subira kama yake.

Hulianza doa kwa mbali, kwa kujua noti ilivyotengenezwa. Kiwanda cha serikali ya Marekani, Bureau of Engraving and Printing, huchapa kwa bamba la chuma lililochongwa. Wino hujaa ndani ya michongo, rola hufuta uliobaki juu ya bamba, kisha karatasi ya pamba na kitani hukandamizwa kwa uzito wa tani nyingi hadi izame michongoni na kuuchukua wino. Ndiyo maana noti mpya ukiipitishia kucha unasikia mikwaruzo. Katika dola 1, mgongo wa kijani huchapwa kwanza, ukaachwa ukauke. Uso mweusi hufuata, nao ukauke. Namba za mfululizo na mihuri huja mwisho kabisa, kwa mashine nyingine.

Mpangilio huo ndio shahidi wake. Rola isipofuta sawasawa, wino hubaki juu ya bamba na karatasi huupokea pamoja na picha. Chini ya lenzi, mistari ya koti la Washington bado ni mikali na imeinuka. Kilichozidi ni utando wa wino uliotanda kati ya mstari na mstari. Kemikali haileti wino mpya. Huuhamisha uliopo, kwa hiyo mistari hufifia pale pale doa linapoanzia, na nyuzi za karatasi hunywa rangi iliyoyeyuka hadi ikatoa kivuli chenye kingo hafifu, pengine kikajitokeza hata upande wa pili.

Hapo mtu mwenye haraka angetoa hukumu. Mthamini anajua kwamba hata kiwandani wino mbichi unaweza kuburuzwa baada ya kuchapwa, na mistari ikapungukiwa vilevile. Kwa hiyo huhamisha lenzi hadi doa linapokutana na namba. Je, kijani cha namba kimelala juu ya weusi, kizima, hakijaguswa? Basi doa lilitangulia. Lakini wino mweusi wa uso ukiwa umepanda juu ya namba, au namba yenyewe imeburuzwa kuelekea upande ule ule, maelezo ya mwenye noti yanaanza kukosa miguu.

Noti iliyoufanya ushahidi huu ujulikane haina doa hata kidogo. Ni dola 20 ya toleo la 1996, ambayo uso wake una kibandiko cha ndizi cha Del Monte. Mtu yeyote anaweza kubandika kibandiko kwenye noti. Katika hii, sehemu ya muhuri na ya namba imechapwa juu ya kibandiko chenyewe, maana yake kilikuwepo kabla ya mashine ya mwisho. Mwaka 2021 iliuzwa mnadani kwa dola 396,000.

Kuna pia ukingo. Noti huchapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, kwa miaka mingi zikiwa 32, na hukatwa mwishoni. Doa la kiwandani lililofika ukingoni huishia hapo kwa mkato mnyoofu, likaendelea kwenye noti jirani. La baadaye hupanda unene wa karatasi na kuzunguka. Na kama noti imeshatumika, mikunjo nayo husema: doa la zamani limechakaa mkunjoni pamoja na picha, doa jipya limeingia ndani ya ufa na kuujaza.

Kwetu dola yenye doa hurudishwa dirishani kwenye duka la kubadilishia fedha bila kutazamwa mara ya pili. Simlaumu karani, foleni yake ni ndefu. Ila hunifanya nimthamini zaidi huyu anayeipa noti moja asubuhi nzima.

Furaha yake kubwa ni kuletewa noti zinazofuatana. Namba hupangwa ili zifuatane kutoka karatasi kubwa moja hadi inayofuata, mahali pale pale, kwa hiyo kosa la kweli mara nyingi lina ndugu. Kwenye noti ya kwanza doa ni pana, kwenye ya pili limesinyaa, kwenye ya tatu ni ukungu begani tu. Ya nne ikiwa safi, haitupi pembeni. Huiomba ibaki na wenzake, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha rola ilipoanza kufuta tena.